Kabla ya Kujifunza Biashara ya Nishati Duniani: Mambo ya Kuzingatia

Wengi wanaokusudia kujifunza uchumi wa soko la nishati huanzia kwenye siasa za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, ilhali kazi ya kwanza ni kuweza kuisoma bei moja tu na kuielewa yote. Kwa hiyo anza na vipimo. Pipa la mafuta ghafi lina takriban lita 159. Bei ya gesi ya Henry Hub, kituo cha biashara ya gesi nchini Marekani, hutajwa kwa dola kwa kila Btu (kipimo cha nishati ya joto) milioni moja, lakini ile ya TTF, soko la gesi nchini Uholanzi, hutajwa kwa yuro kwa megawati-saa, ambayo ni sawa na Btu milioni 3.4 hivi, kwa hiyo yuro 34 za TTF ni yuro 10 tu kwa kipimo cha Wamarekani, na asiyelijua hilo atadhani gesi ya Ulaya ni ghali kuliko ilivyo.

Pili, zoea kuuliza kila bei ni ya mzigo upi, unaokabidhiwa wapi na lini. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ya WTI, yaani mafuta ghafi ya Marekani, yalifunga soko kwa dola 37.63 chini ya sifuri, na vichwa vya habari vikaacha watu waamini kwamba mafuta yote yamekosa thamani. Bei hiyo ilikuwa ya mkataba wa mwezi Mei, uliobakiza siku moja kuisha muda wake, wa mafuta ya kupokelewa Cushing, Oklahoma, ambako nafasi ya kuhifadhia ilikuwa adimu. Siku hiyohiyo Brent, mafuta ghafi ya Bahari ya Kaskazini ambayo husafirishwa kwa meli, ilibaki juu ya dola 20.

Kwa msomaji wa Tanzania, zoezi bora lipo karibu naye, nalo ni tangazo la bei kikomo ambalo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hulitoa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Lichambue kipengele kwa kipengele: bei ya soko la Uarabuni, gharama za uagizaji, kiwango cha kubadilisha fedha, kodi na tozo, kisha usafirishaji hadi mkoani. Zingatia kwamba mzigo wa melini huhesabiwa kwa tani na pampu huuza kwa lita, na kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko dizeli, tani yake hutoa lita nyingi zaidi.

Hesabu zinazohitajika si ngumu: asilimia, wastani na jedwali la kompyuta vinatosha kuanzia. Hata anayependa gesi peke yake asiyakwepe mafuta, kwa sababu mikataba mingi ya muda mrefu ya gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika, hasa barani Asia, hufungwa kwa asilimia ya bei ya mafuta ghafi. Mkataba wa asilimia 12, kwa mfano, hutoa dola 9.6 kwa Btu milioni moja pipa linapouzwa dola 80. Takwimu za bure zipo, zikiwemo za EIA, idara ya takwimu za nishati ya Marekani, ambayo kila wiki hutangaza akiba ya mafuta ya nchi hiyo. Zisome mwenyewe kabla ya kusoma maoni ya wachambuzi.