Kuotesha mbaazi kwenye chumvi: namna ya kupima kazi ya nitriki oksaidi

Pwani ya Lindi na Mtwara ina mashamba ya chumvi, na jirani yake watu wanalima. Mbegu iliyofukiwa kwenye udongo wa chumvi hushindwa kuvuta maji, na seli zake hujaa oksijeni haribifu. Mmea hujitetea kwa njia nyingi, mojawapo ikiwa gesi ya nitriki oksaidi ambayo huitengeneza wenyewe. Hapa tunapima kama kuiongezea mbegu gesi hiyo kunaisaidia. Unahitaji maabara ya kawaida, glavu, miwani ya kinga na mizani inayosoma miligramu.

Hatua ya 1: Mbegu

Chukua mbaazi za msimu mmoja, zisizopakwa dawa wala kubunguliwa. Zioshe kwa Jiki (sehemu 1 kwa 9 za maji) dakika 5, kisha suuza mpaka harufu iishe kabisa.

Hatua ya 2: Myeyusho

Gesi yenyewe hatuishiki. Tunatumia sodiamu nitroprusaidi, inayoiachia taratibu ikipata mwanga. Yeyusha gramu 0.298 katika mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, funga chupa kwa foili mara moja. Mililita 10 za hapo, ukizijaliza hadi lita 1, zinakupa milimola 0.1. Kwa chumvi, gramu 5.84 za kloridi ya sodiamu ya maabara kwa lita ni milimola 100. Ya mezani ina madini joto, iache. Mbaazi zikigoma kuota kabisa, shuka hadi gramu 2.92.

Nitroprusaidi ina sianidi ndani yake. Usiichanganye na asidi, usiimwage mtaroni, na mbegu za jaribio zisiliwe na mtu wala kuku.

Hatua ya 3: Makundi ya kulinganisha

Hapa ndipo majaribio mengi huharibikia. Watu huloweka mbegu kwenye maji na kwenye nitroprusaidi, wakaona tofauti, wakaisifu nitriki oksaidi. Lakini nitroprusaidi huleta pia chuma na sianidi, na sianidi kidogo yenyewe inaweza kuamsha mbegu. Kwa hiyo weka makundi haya:

- kulowekwa kwenye maji, kisha kuoteshwa kwenye maji;
- maji, kisha chumvi;
- nitroprusaidi, kisha chumvi;
- nitroprusaidi iliyochakaa, yaani iliyoachwa wazi juani siku kadhaa mpaka gesi ikaisha, kisha chumvi;
- potasiamu ferosianaidi ya milimola 0.1, yenye chuma na sianidi bila nitriki oksaidi, kisha chumvi.

Ukiimudu bei yake, ongeza kundi la nitroprusaidi pamoja na cPTIO, kemikali inayoinasa gesi ya nitriki oksaidi. Nafuu ikipotea hapo, una hoja nzito kwamba gesi ndiyo iliyosaidia.

Loweka makundi yote kwa muda wa saa 6 mahali penye mwanga uleule.

Hatua ya 4: Kuotesha

Mbegu 25 kwa kisahani, visahani 4 kwa kila kundi. Kwa joto letu maji hukauka upesi na chumvi inabaki, hivyo mkazo wa chumvi unapanda bila wewe kujua. Funika, pima uzito wa kisahani kila asubuhi, na urudishe uzito uliopungua kwa maji yaliyotoneshwa, kamwe si kwa maji ya chumvi. Mbegu imeota mzizi ukifika milimita 2. Siku ya 7 pima urefu wa mizizi.

Hatua ya 5: Protini

Asidi amino ya sisteini ina salfa, elementi ileile tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Nitriki oksaidi hujibandika kwenye salfa hiyo na kubadili kazi ya protini. Katika Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana kwa utafiti maabarani, ikishika sisteini ya 32 ya kimeng'enya APX1, kimeng'enya hicho huondoa peroksaidi ya hidrojeni, mojawapo ya oksijeni haribifu, kwa kasi zaidi. Gesi ikizidi, huungana na supaoksaidi, oksijeni haribifu nyingine, na kuzaa peroksinitriti, ambayo hupachika kundi la nitro kwenye asidi amino ya tairosini na mara nyingi huidhoofisha protini. Ndiyo maana dozi kubwa si bora.

Kuliona badiliko la kwenye sisteini kunataka mbinu ya kubadilisha kwa biotini, iliyochapishwa na Jaffrey na Snyder mwaka 2001: unaziba salfa zilizo huru, unaing'oa nitriki oksaidi kwa askobati (chumvi ya vitamini C), unapachika biotini, vitamini inayotumika kama alama, pale ilipokuwa. Gandisha mizizi papo hapo kwa nitrojeni ya kimiminika, na ufanye kazi mbali na mwanga mkali, kwani kifungo cha nitriki oksaidi na salfa huvunjika upesi. Kama huna nitrojeni hiyo, ishia kwenye kuota na mizizi, na ripoti yako isidai lolote kuhusu protini.