Namna ya Kugundua Viungio Vinavyopata Moto Katika Bodi Kuukuu ya Umeme Nyumbani

Watu wengi huamini kwamba maadamu saketi breka, yaani swichi inayojizima yenyewe umeme ukizidi, haijakata, bodi ya umeme iko salama, na imani hiyo ni ya hatari. Breka hufuatilia wingi wa umeme unaopita ndani yake, wala haijui kwamba skrubu inayobana waya imelegea. Hita ya kuogea ikivuta ampea 20 kupitia kiungio kilicholegea, yaani mahali waya unapobanwa, chenye ukinzani (kipingamizi cha umeme) wa omu 0.1 tu, kiungio hicho hutoa joto la wati 40, sawa na kifaa kidogo cha kulehemu kwa risasi, mahali padogo kama ukucha. Volti zinazopotea hapo ni mbili tu kati ya 230, kwa hiyo hakuna atakayeona taa ikififia.

Anza kwa pua, macho na masikio kabla ya kufungua chochote. Harufu ya plastiki inayoungua, ambayo wengine huifananisha na samaki aliyeoza, mlio wa kukwaruza, doa la kahawia kwenye mfuniko, na breka inayokata ingawa mzigo si mkubwa, zote ni dalili za joto. Ukinusa harufu hiyo au ukiona moshi, zima swichi kuu mara moja, mradi unaweza kuifikia kwa usalama, na usiiwashe tena mpaka fundi afike.

Kama hakuna dalili ya dharura, washa vifaa vizito kwa muda wa nusu saa hivi, kisha pima uso wa kila breka kwa kipimajoto cha miale, kinachopima joto bila kugusa, mfuniko ukiwa umefungwa. Linganisha breka zenye mizigo inayokaribiana, kwa sababu tofauti kati yao husema mengi kuliko namba moja peke yake. Usielekeze kipimajoto kwenye shaba au skrubu inayong'aa: chuma king'aacho hudanganya kipimo, kikaonekana baridi kuliko kilivyo.

Kazi ya ndani ni ya fundi umeme mwenye leseni, ambayo Tanzania Bara hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA, mamlaka za udhibiti wa nishati. Sisisitizi jambo hili kwa desturi tu: hata swichi kuu ikizimwa, nyaya zinazoingia kutoka kwenye mita hubaki na umeme. Fundi atathibitisha kwa kipimo, si kwa kudhani, kwamba upande anaougusa hauna umeme, kisha atatafuta ganda la waya lililokakamaa au kubadilika rangi, kwa kuwa ganda la kawaida la PVC limetengenezwa kustahimili nyuzi 70 za Selsiasi tu. Katika nyumba za Mombasa, Tanga au Unguja atazame pia kutu ya kijani juu ya shaba, inayoletwa na unyevu wenye chumvi. Asiisahau nyutro, waya unaorudisha umeme, ambayo ikikatika katika nyumba ya fezi tatu (inayoletewa umeme kwa nyaya tatu zenye moto) huweza kupandisha volti na kuunguza vyombo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kukaza skrubu iliyokwisha kuungua na kuondoka. Shaba iliyoungua hubaki na utando usiopitisha umeme vizuri. Inapaswa kukatwa hadi ionekane safi, breka iliyoungua ibadilishwe, na skrubu zikazwe kwa nguvu iliyoelekezwa na mtengenezaji. Kisha vifaa vilevile viwashwe kwa nusu saa, na kipimo kirudiwe.