Ukimtembelea mzazi asiye na wa kumshika mkono

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mbagala, Dar es Salaam. Wazazi ninaowafuatilia zaidi ni mabinti waliokimbiwa na wanaume waliowapa mimba, wamejibanza kwa shangazi au bibi. Nenda mapema, mtoto hajamaliza siku tatu. Siku hizo ndipo maziwa yanajaa, ziwa linauma, na majirani wanaleta ushauri wa maji ya sukari.

Piga hodi, msalimie kwanza mwenye nyumba. Asipokukubali yeye, utakayomwambia binti yataishia mlangoni. Daftari liache kwenye mkoba. Nawa mikono, halafu muulize mzazi amekula nini tangu asubuhi, kabla hujauliza habari za mtoto. Akijibu chai ya rangi tu, zungumza na shangazi habari za uji na maharage.

Kisha mwombe anyonyeshe ukiwa umekaa naye. Mdomo wa mtoto uwe wazi sana, kidevu kiguse ziwa, sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie mdomoni. Akishika chuchu peke yake, mama atachubuka, na kesho atakwambia hana maziwa.

Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 abebwe kangaruu: abaki na nepi, kofia na soksi, akae wima kifuani, ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kanga ambayo ukingo wake wa juu unaishia chini ya sikio lake. Bibi naye anaweza kumbeba hivyo, mama aoge na kulala.

Mtoto akigoma kunyonya, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au akiwa wa moto au wa baridi kupita kawaida, usikae kushauri, ita bajaji. Mama naye akitokwa damu nyingi, akipata homa au kichwa kikimgonga na macho kuona ukungu, ni vivyo hivyo.

Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi. Yakipita wiki mbili, mpeleke kituoni. Akitamka kujidhuru au kumdhuru mtoto, siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Tafadhali usimwambie "mshukuru Mungu". Anamshukuru, na bado analia.

Wiki ya sita wakumbushe chanjo. Na kama ni mwanafunzi, mwambie tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu waliojifungua kurudi shule. Mfundishe kukamua kwa mkono mapema, na shangazi azoee kumnywesha mtoto kwa kikombe. Chupa za hapa mtaani kuzisafisha ni shida.