Laptopu ya GB 8: uweke ruta pepe ipi?

Kijana ninayemfundisha mitandao hapa Nyegezi alikuja wiki jana amenuna. Kamaliza bando lake lote kupakua IOS XRv 9000, ruta pepe ya Cisco (programu inayofanya kazi ya ruta ndani ya kompyuta), na faili hilo linataka RAM kuliko laptopu yake nzima. Nikamwandikia hizi hatua.

1. Pima mashine kwanza. Kwenye Linux andika `grep -cE 'vmx|svm' /proc/cpuinfo`. Ikijibu 0, ingia BIOS uwashe uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe: VT-x, au SVM kama prosesa ni AMD. Bila hiyo, ruta itajikokota kama mtumbwi wenye maji.

2. Chagua kile utakachokigusa kazini. Mimi mahoteli na shule ninazohudumia Kirumba na Ilemela ni MikroTik tupu, kwa hiyo naanza na CHR, ruta pepe ya MikroTik: MB 256 za RAM zinaitosha, unawasha tano bila feni kulia. Catalyst 8000V ya Cisco inaanzia GB 4, vJunos-router ya Juniper GB 5, hesabu mwenyewe. Ukitaka kuzoea mtindo wa amri za `set` na `commit` (unaandika mabadiliko, kisha unayathibitisha) bila kulipa, chukua ruta pepe ya VyOS, toleo la rolling, linalosasishwa kila mara. LTS yao (toleo linalotunzwa muda mrefu) iliyokwisha tengenezwa ni ya wanaolipia.

3. Soma leseni kabla ya kulaumu kebo. Niliwahi kujenga OSPF (itifaki ya ruta kupeana njia) ya ruta tatu, nikapima kasi kwa iperf, ikagoma kwenye Mbps 1. Nilibadilisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), nikafuta foleni zote, nikazima faiwoli, chai ikapoa. Kumbe CHR ya bure haisukumi zaidi ya Mbps 1 kwa kila intafesi! Andika `/system license print`. Ukiona `free`, ndiyo hiyo. Kwa OSPF na BGP, itifaki nyingine ya njia, haina shida, njia zinatangazwa vilevile. Ukitaka kupima kasi, fungua akaunti MikroTik uombe majaribio ya siku 60.

4. Hakikisha faili halikuharibika: linganisha jibu la amri ya `sha256sum` na namba ya kwenye ukurasa wa kupakulia, hasa ukipakua usiku kwa bando la simu.

5. Kwa EVE-NG, programu ya kujengea maabara ya mitandao, geuza faili la CHR:

`qemu-img convert -f raw -O qcow2 chr.img hda.qcow2`

Liweke ndani ya `/opt/unetlab/addons/qemu/`, kwenye folda yenye jina linaloanza na `mikrotik-`, kisha:

`/opt/unetlab/wrappers/unl_wrapper -a fixpermissions`

Washa, ingia kwa `admin`, pasiwedi acha wazi. Itakudai mpya papo hapo. Ile `hda.qcow2` ambayo haijaguswa nakili kwenye flashi, usije ukanunua bando mara ya pili.