SOMO: Makosa ya thieta yanatokeaje, na ufanye nini kabla hujapasuliwa

Wadau, tukisikia mtu kapasuliwa mguu mzima, ule mbovu ukaachwa, tunasema daktari hajasoma. Mara nyingi kasoma vizuri tu, ila mafaili yamechanganywa, zamu imebadilika na makabidhiano yamefanywa chapchap, watu wamechoka, na nesi aliyeona kitu hakiko sawa akaogopa kumwambia mkubwa. Hilo la nesi ndo linaniuma zaidi maana jibu lilikuwepo mle mle ndani.

Hatua ya 1. Fomu ya ridhaa isome kabla ya kusaini. Jina lako, operesheni gani, upande upi.

Hatua ya 2. Sema yote. Mzio, dawa unazotumia hasa za kuzuia damu kuganda, hata za mitishamba, na umekula saa ngapi. Kawaida chakula na maziwa mwisho masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2, ila fuata alivyokuambia daktari wa usingizi. Usifiche, chakula kikipanda ukiwa kwenye nusu kaputi kinaingia kwenye mapafu na hiyo inaua.

Hatua ya 3. Kama ni kiungo chenye kulia na kushoto, omba daktari akichore kwa kalamu isiyofutika ukiwa macho na wewe uthibitishe.

Hatua ya 4. Uliza kama wanatumia orodha ya usalama ya WHO ya 2008. Timu inasimama mara tatu kuulizana maswali: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla hujatolewa thieta. Ilipojaribiwa hospitali 8 za nchi 8, matokeo ya 2009 yakaonyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, kwa maswali tu jamani!

MASWALI

Swali: Mkuu, nikiuliza sana si watanichukia?
Jibu: Uliza kwa heshima, dada yangu. Hata wao wakikuuliza jina mara tano usikasirike, ndo usalama wenyewe.

Swali: Mgonjwa akiwa hajitambui?
Jibu: Ndugu anayemjua vizuri abaki karibu mpaka mlangoni, ajibu kwa niaba yake.

Swali: Gozi (kile kitambaa cha kunyonya damu) inasahaulikaje tumboni?
Jibu: Ikilowa damu inafanana na nyama za ndani, ndo maana zinahesabiwa kabla na baada, na hesabu ikigoma wanatafuta, ikibidi wanapiga eksirei maana gozi za thieta zina uzi unaoonekana kwenye picha. Ukishatoka halafu maumivu hayaishi, homa inarudi au kidonda kinatoa usaha, rudi ukapimwe usinunue dawa tu ukanyamaza.