Kiharusi: la kufanya tangu dalili ya kwanza
Mtu anayeokota korosho shambani Tandahimba akidondosha ndoo ghafla, mdomo ukapinda na ulimi ukawa mzito, mwambie atabasamu, kisha anyanyue mikono yote miwili; mmoja ukishuka, andika saa dalili zilipoanza na umwahishe hospitali, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu zianze, picha ya ubongo ikishaonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Usimpe aspirini wala chai, ambayo huweza kumpalia. Wanaodai amepigwa na jini wasubiri. Baadaye, mazoezi ya viungo yaanze mapema, na dawa za presha zisikatizwe hata akijisikia mzima.