Namna ya Kupima Kama Gemu ya Vita Inamjenga Kijana Wako au Inamharibu

Ukitaka kujua gemu ya vita inamfanya nini kijana wako, sikiliza kabla hujatazama. Damu ya kwenye skrini itakushtua upesi na haitakuambia mengi. Yatakayokuambia ni maneno anayowaambia wenzake na wanayomrudishia. Mimi nacheza gemu hizi na wapwa zangu, na wazazi wanaolijua hilo huniuliza, "Shangazi, hizi si zinaharibu watoto?" Nimeziona zikijenga na nimeziona zikiharibu, tena gemu ile ile, ila kwa watu tofauti. Ndiyo maana naona afadhali nikuonyeshe namna ya kupima mwenyewe.

Umri kwanza, na hapa sina mjadala. Tafuta alama ya umri ya PEGI, inayotumika sehemu kubwa ya Ulaya, yenye 3, 7, 12, 16 au 18, ama ile ya ESRB ya Marekani, iliyoanzishwa 1994 baada ya maseneta kukasirishwa na gemu kama Mortal Kombat. Gemu ya 18 si ya mtoto wa miaka tisa, hata kama darasa lake zima wanaicheza.

Kisha jua watafiti wamefika wapi, usije ukatishwa na kila habari. Mwaka 2019 Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na Netta Weinstein walichapisha utafiti kuhusu vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15. Tabia za vijana waliwauliza wazazi na walezi wao, na ukali wa gemu wakaupima kwa alama rasmi za umri, bila kutegemea maoni ya mchezaji. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu za mabavu na ukorofi wa vijana hao. Mwaka uliofuata, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema ushahidi hautoshi kuzihusisha gemu na vitendo vya mabavu, lakini kikasema pia kwamba upo uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana. Watu hunukuu nusu wanayoipenda. Wewe zishike zote mbili, kwa sababu kufoka na kusukumana ndivyo vinavyoonekana nyumbani, na hivyo mzazi anaweza kuvishughulikia.

Sasa kaa naye mechi nzima. Usikae dakika tano, na usisimame mlangoni umeshika kiuno. Mwombe atoe sauti kwenye spika badala ya hedifoni. Nichukue mfano wa Counter-Strike, gemu ya risasi ambayo mpwa wangu mkubwa, aliyetimiza umri, huicheza sana: watu watano dhidi ya watano, na ukiuawa husubiri mpaka raundi iishe huku ukiwatazama wenzako waliobaki. Hapo ndipo pa kutega sikio. Mchezaji aliyekomaa akifa husema adui yuko wapi na amebaki na nini, halafu hunyamaza, kwa sababu mwenzake aliye hai anahitaji kusikia nyayo. Asiyekomaa huanza kulaumu: "Ungenifuata!" Hayo mawili yanatoka kwenye gemu moja, silaha zile zile, damu ile ile.

Angalia pia mwanzo wa raundi. Kila mchezaji ana fedha zake za mchezoni, na mwenye nazo anaweza kununua bunduki akamdondoshea aliyeishiwa. Mtazame kijana wako kama anampa mwenzake hata yule aliyecheza vibaya raundi iliyopita. Mimi naona hilo linanieleza tabia yake kuliko idadi ya aliowaua, na nikiliona humsifia pale pale, kwa kulitaja. Lakini kipimo kikubwa ni timu inapozidiwa. Yeyote anaweza kuwa mwungwana akiongoza.

Kama unamchagulia gemu mtu mwenye hasira za karibu, na umri unaruhusu, anza na zile ambazo wachezaji wote wako upande mmoja. Left 4 Dead ya 2008 imetengenezwa hivyo: watu wanne kati ya mazombi, na wapo viumbe ambao wakikubana chini huwezi kujinasua, lazima mwenzako aje. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwapa watu gemu ya risasi ya Halo 2, wengine wakicheza pamoja, wengine wakishindana. Waliocheza pamoja walishirikiana zaidi katika zoezi lililofuata, ingawa risasi zilikuwa zile zile.

Ukisikia matusi, tofautisha anayetukana na anayetukanwa. Anayetukanwa mfundishe kumnyamazisha mtu huyo na kumripoti, kisha weka sauti iwe ya marafiki tu. Kwa wasichana hili ni muhimu mno. Mimi nikifungua maiki mbele ya wageni, wapo wanaonitukana kwa kusikia tu sauti ya mwanamke. Gemu ya Apex Legends ya 2019 ina njia nzuri ya kuwaonyesha wenzako adui, silaha na mwelekeo kwa alama bila kusema neno. Kama mwenye matusi ni wako, funga maiki yake kwanza, wala si gemu yote. Aendelee kucheza bila kusema, mpaka ajifunze kusema.

Muulize pia anacheza na nani, kwa majina wanayotumia. Mats Steen wa Norway, aliyekuwa na ugonjwa wa Duchenne unaodhoofisha misuli, alifariki 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini aliishi mpweke. Walipotangaza kifo chake zilimiminika barua pepe kutoka kwa watu waliocheza naye World of Warcraft, gemu ya mtandaoni, na baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyingine kumzika. Kila nikifikiria wazazi wale natamani wangewafahamu marafiki hao mapema.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa gemu katika orodha yake iliyoanza kutumika 2022: mtu hawezi kujizuia, gemu inatangulia kila kitu, na anaendelea ingawa inamuumiza, kwa kawaida kwa miezi 12. Ukiona dalili hizo, tafuta mtaalamu. Hasira ya usiku mmoja si ugonjwa, na mara nyingine inachochewa na mzazi anayechomoa waya katikati ya mechi, akawaacha wenzake wanne wakipungukiwa. Patana naye kwa mechi badala ya saa. Katika Counter-Strike ya sasa, kwa kawaida timu ya kwanza kufikisha raundi 13 hushinda, na matokeo yako juu ya skrini, kwa hiyo nawe unaweza kuyasoma. Ikifika 13, mechi nyingine isianze.